Kukaa Kando: Kwa Nini, na Nani Anajua?

Somo: 2 Samweli 21:15-17 na 11:1

Je, ni vibaya kukosa mechi ya mwisho ili ulinde kesho yako?

Desemba 2016, wachezaji wawili wa futiboli ya Kimarekani, Leonard Fournette wa chuo cha LSU na Christian McCaffrey wa Stanford, walitangaza kwamba hawatacheza mechi ya mwisho ya msimu. Walikuwa karibu kuingia ligi ya kulipwa. Wakalaumiwa kwamba wamewatupa wenzao.

Lakini Januari 1 mwaka huo huo, Jaylon Smith wa Notre Dame alicheza mechi kama hiyo, akaumia goti vibaya. Alitarajiwa kuchaguliwa miongoni mwa wa kwanza. Akawa wa 34, na msimu wote wa 2016 hakucheza. Wale tuliosoma biashara tunajua: mtaji wa mchezaji ni mwili wake, na hana mwingine.

Sasa tumwangalie Daudi. Yeye alikaa kando zaidi ya mara moja. Katika sura ya 21 alichoka vitani, jitu likataka kumuua, Abishai akamwokoa. Watu wake wenyewe wakaapa asitoke nao tena, taa ya Israeli isije ikazimika. Katika sura ya 11 alibaki Yerusalemu huku jeshi liko vitani, na hatusomi kwamba kuna aliyemwomba abaki. Hapo ndipo alipomwona Bathsheba, na mwisho Uria akafa.

Kukaa ni kule kule. Sababu ndiyo tofauti.

Mkulima wa Mwingi au Wote anayebakisha mbegu ya ndengu si mchoyo, mradi mvua ikinyesha atapanda. Binti wa kwaya akiomba ruhusa ajiandae kwa KCSE, tusiseme amerudi nyuma. Lakini ukitoweka bila kumwambia kiongozi, halafu muda wote uishie kwa simu, hiyo si mbegu. Hapo umewaachia wenzako mzigo.

Na sisi viongozi tujipime. Tukimsukuma kijana acheze akiwa na maumivu, akivunjika, nani atalipa hospitali? Abishai hakumpigia Daudi makofi tu, alimkinga.

Maswali ya ushirika wa nyumbani:
1. Unachokilinda kitamfaa nani zaidi yako?
2. Wenzako wameambiwa na wewe, au wamesikia tu?

Tuombe: Bwana, tupe hekima ya kujua wakati wa kutoka na wakati wa kubaki. Amina.