Fonografu ya Zamani na Ubao wake Mwembamba

1. Mashini iliyofichwa ndani ya kabati

Mwaka 1877, katika nchi ya Marekani, Thomas Edison alitengeneza mashini iliyoweza kushika sauti ya mtu na kuitoa tena. Mashini hiyo iliitwa fonografu. Baadaye mafundi wengine walitengeneza fonografu za kupiga sahani bapa. Sauti ilitoka katika baragumu kubwa lililosimama juu ya mashini.

Baragumu hilo lilichukua nafasi nyingi na kushika vumbi. Basi mwaka 1906 kampuni ya Victor, ya mji wa Camden, ilianza kuuza fonografu ya namna mpya, jina lake Victrola. Baragumu lake lilifichwa ndani ya kabati. Mbele palikuwa na milango miwili midogo: mtu akiifungua, sauti huwa kubwa, akiifunga, sauti hupungua. Mashini haikutaka umeme. Mtu alizungusha mkono wa chuma ulio kando, kamani ikakazwa, sahani ikazunguka.

Victrola ya kwanza iliuzwa kwa dola 200. Wakati ule fedha hizo zilikuwa nyingi sana. Kwa hiyo kabati lake lilipaswa kupendeza macho, sawasawa na vyombo vizuri vya nyumba ya tajiri.

2. Ubao juu ya ubao

Mtu akitazama kabati la namna hiyo, hudhani kwamba lote ni mti wa akaju. Sivyo. Mara nyingi ndani mna ubao wa bei ndogo. Juu yake umebandikwa ubao mwembamba wa akaju. Unene wake ni kama milimita moja, au hata chini yake.

Je, fundi aliwadanganya wanunuzi? Hapana. Ubao mpana wa mti mtupu hujikunja na kupasuka hewa inapobadilika. Lakini fundi akibandika mbao moja juu ya nyingine, na nyuzi zake zikikingamana, mbao hizo huzuiana zisijikunje. Tena gogo moja zuri likikatwa vipande vyembamba, hutosha makabati mengi. Kazi hiyo ni ya akili, nayo ni ya zamani sana: mafundi wa Misri waliijua maelfu ya miaka iliyopita.

3. Kwa nini ubao hubanduka?

Mafundi wa zamani walibandika mbao hizo kwa gundi iliyopikwa kutoka ngozi za wanyama. Gundi hiyo ina nguvu nyingi, lakini ina adui wawili: maji na joto. Kabati likiwekwa juu ya sakafu yenye maji, miguu yake hulowa na gundi hulainika. Likiwekwa karibu na moto au juani, ubao hukauka na kupasuka. Ndipo ubao mwembamba huvimba, hubanduka pembeni, na mwishowe huvunjika.

Alama ya kwanza ni ndogo: uvimbe mdogo, au ncha iliyoinuka kidogo. Mwenye kabati akiidharau, nguo ya kufutia vumbi itanasa pale na kung'oa kipande kizima. Wazee walisema kweli: Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

4. Fundi mwenye haraka na fundi mwenye subira

Fundi mwenye haraka huona madoa juu ya kabati, akatwaa msasa na kusugua kwa nguvu. Kwanza hufurahi, kwa sababu madoa yanatoka. Anasugua tena, anasugua zaidi. Ghafula rangi nyingine inaonekana: ni ubao wa chini! Ubao wa akaju umekwisha mahali pale. Bandu bandu huisha gogo; je, ubao wa milimita moja utasalimika? Hakuna dawa ya kuurudisha.

Fundi mwenye subira huanza kwa kutazama. Hufuta vumbi kwa nguo laini. Kisha hugongagonga ubao kwa ukucha, polepole, kila mahali. Palipo na gundi, sauti ni kavu. Ubao ulipoachana na mwenzake, sauti ni ya uwazi, kama ya ngoma ndogo. Huweka alama ya chaki pale. Tena, kipande kikianguka, hakitupi hata kikiwa kidogo; hukiweka ndani ya bahasha mpaka siku ya kukirudisha mahali pake.

5. Kubandika tena

Fundi huloweka chembe za gundi katika maji baridi mpaka zivimbe. Kisha huweka chombo cha gundi ndani ya sufuria ya maji ya moto. Joto la gundi lisipite sana digrii 60. Ikichemka, nguvu yake hupungua.

Kama ncha ya ubao imeinuka, fundi huondoa uchafu ulio chini yake, akapaka gundi ya moto kwa kijiti chembamba. Kama pana uvimbe katikati, hupasua ubao kwa wembe kwa kufuata nyuzi, ili alama isionekane, akaingiza gundi ndani. Kisha hufuta gundi iliyotoka nje kwa nguo yenye maji kidogo. Huweka karatasi isiyonata, na juu yake kipande cha ubao ulionyoka, akakaza kwa vibano. Huacha hivyo hata siku ya pili.

Kama kipande kimepotea, fundi hutafuta ubao mwembamba wa mti ule ule, wenye nyuzi zinazofanana. Hukata kiraka kwanza, hukiweka juu ya shimo, akachora mzunguko wake, ndipo anasawazisha shimo lifuate kiraka. Hukata kingo kwa mshazari, kwa sababu mstari uliokata nyuzi moja kwa moja huonekana upesi.

6. Mng'ao wa kabati

Makabati mengi ya wakati ule yalipakwa shelaki. Shelaki hutoka kwa wadudu wadogo wanaokaa juu ya matawi ya miti katika India na Thailand. Watu hukwangua utomvu wao, huusafisha, na kuuyeyusha katika spiriti. Hata sahani za zamani za fonografu zilitengenezwa kwa shelaki iliyochanganywa na unga wa mawe. Basi mdudu yule yule alisaidia kabati na wimbo pia!

Fundi hujaribu kwanza mahali pasipoonekana: hupaka tone moja la spiriti. Mng'ao ukilainika na kunata, ni shelaki. Hapo hana haja ya msasa mkali. Huongeza shelaki mpya juu ya ile ya zamani kwa kitambaa, safu nyembamba mara nyingi, kila safu ikauke kwanza.

7. Kazi inayofikiri wenzake wa kesho

Siku hizi madukani kuna gundi kali zisizolegea kamwe. Kwa nini basi fundi mwema hurudia gundi ya ngozi? Kwa sababu gundi hiyo ikipata joto na unyevu hulegea tena. Miaka hamsini ikipita, pengine fundi mwingine atataka kutengeneza kabati lile lile. Ataweza kulegeza kazi ya mwenzake bila kuvunja ubao. Lakini aliyetumia gundi isiyolegea amemfungia mlango fundi wa kesho.

Fundi wa kwanza hajulikani tena kwa jina, na fundi atakayekuja hajazaliwa bado. Anayetengeneza leo yupo katikati yao. Huheshimu kazi ya yule wa kwanza, na humwachia yule wa baadaye nafasi ya kufanya kazi yake.

Maana ya maneno

Kamani: chuma chembamba kilichokunjwa, ambacho hukazwa na kuzungusha mashini.
Nyuzi za ubao: mistari ya mti inayoonekana katika ubao.
Kibano: chombo cha kushika na kukaza vitu viwili pamoja.
Mshazari: mstari uliolala upande, usionyoka wima.

Maulizo

1. Baragumu la Victrola lilikuwa wapi?
2. Taja sababu mbili za kubandika ubao mwembamba juu ya ubao mwingine.
3. Fundi anajuaje kwamba ubao umebanduka, hata kama macho hayaoni kitu?
4. Kwa nini msasa ni hatari kwa kabati hilo?
5. Gundi inayoweza kulegea ina faida gani kwa fundi wa kesho?
6. Katika nyumba yenu kuna kitu gani cha zamani kilichotengenezwa tena? Eleza kilitengenezwaje.