Kitisho Kinapogeuka Kichekesho: Uhakiki wa Filamu ya Maniac (1934)

Utangulizi

Wahakiki wamezoea kuuliza kwa nini kazi nzuri ya sanaa ni nzuri. Ni nadra sana kuulizwa kwa nini kazi mbaya, ambayo kila mtazamaji anakiri ubaya wake, huendelea kutazamwa kwa furaha miongo mingi baada ya kazi nyingine za wakati wake kusahauliwa. Makala hii inalishughulikia swali hilo kwa kurejelea filamu za kutisha zilizotengenezwa Marekani katika miaka ya 1930 nje ya kampuni kubwa za Hollywood, hususan Maniac ya mwelekezi Dwain Esper, iliyotolewa mwaka wa 1934 na ambayo mswada wake uliandikwa na mkewe, Hildegarde Stadie. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba mtazamaji wa filamu kama hii hufurahia kuliona vazi lake likipasuka mbele ya macho yake na kumwacha wazi aliyelivaa.

Wachuuzi wa miiko

Mnamo mwaka wa 1930 kampuni kubwa za filamu za Marekani zilikubaliana juu ya kanuni za maadili zilizokuja kujulikana kwa jina la Hays, na kuanzia katikati ya mwaka wa 1934 ofisi iliyoongozwa na Joseph Breen ikaanza kuzitekeleza kwa ukali. Filamu ambayo haikuidhinishwa haikupata nafasi katika kumbi zilizomilikiwa na kampuni hizo. Pengo hilo likawapa riziki wachuuzi. Walizunguka na filamu zao mji baada ya mji, wakakodi ukumbi kwa siku chache, wakabandika mabango yaliyoahidi makubwa kuliko yaliyokuwemo, wakakusanya kiingilio na kuhama. Bidhaa yao ilikuwa miiko: dawa za kulevya, uchi, magonjwa ya zinaa na wazimu. Ngao yao ilikuwa mafunzo. Kila kilichokatazwa kilionyeshwa kwa kisingizio kwamba umma unaonywa dhidi yake.

Maniac ni mfano bora wa kisingizio hicho. Kila baada ya muda, hadithi hukatizwa na maandishi yanayofafanua aina mbalimbali za magonjwa ya akili kwa lugha ya kitabibu. Maandishi hayo hayana uhusiano wowote wa maana na matukio yanayotangulia wala yanayofuata. Yamepachikwa tu, kama cheti cha daktari kilichobandikwa kwenye kibanda cha mwuza dawa bandia. Jambo hili linastahili kuzingatiwa na wanafunzi wa fasihi ya Kiswahili, ambao aghalabu hufunga uhakiki wa kila kazi kwa kuorodhesha mafunzo yaliyomo. Katika Maniac mafunzo yamo tele, tena yameandikwa waziwazi kwenye kiwambo. Hata hivyo, ndiyo sehemu ya uongo kuliko zote.

Paka wa Poe nyuma ya ukuta

Msuko wa filamu hii ni wa kustaajabisha. Maxwell, aliyekuwa mwigaji wa jukwaani, anamsaidia Daktari Meirschultz ambaye anatafuta njia ya kufufua wafu. Daktari anamtaka msaidizi wake ajiue kwa hiari ili afufuliwe. Msaidizi anamwua daktari badala yake, kisha anajibandika ndevu na kuchukua nafasi yake. Analetwa mgonjwa mmoja, Buckley, anayejidhania kuwa sokwe muuaji wa hadithi ya Poe. Anadungwa sindano isiyo yake, anapayuka maneno ya mateso huku ameukunja uso na kuyakodoa macho, kisha anamnyakua mwanamke na kutoweka naye. Inajitokeza pia habari ya jirani anayefuga paka kwa ajili ya ngozi zao: paka hulishwa panya, na panya hulishwa mizoga ya paka. Jirani huyo hachangii lolote katika msuko, lakini hakuna mtazamaji anayemsahau.

Kiini cha hadithi kimechotwa katika "The Black Cat," hadithi fupi ya Edgar Allan Poe iliyochapishwa mwaka wa 1843. Kwa hivyo kazi hizi mbili zinafaa kulinganishwa kwa mkabala wa mwingilianomatini. Kwa Poe, msimulizi ni muuaji mwenyewe, anayesimulia katika nafsi ya kwanza kwa utulivu unaotisha kuliko kitendo chenyewe. Msomaji amefungiwa ndani ya akili iliyoharibika na hana mlango wa kutokea. Msimulizi anapolitoboa jicho la paka wake, kitisho hakimo katika jicho bali katika sauti inayolitaja.

Esper na Stadie wanaiondoa sauti hiyo na kubaki na jicho. Maxwell anamkamata paka, anamng'oa jicho, analitia mdomoni na kulisifu kwa kulilinganisha na chaza au zabibu. Kilichokuwa ndani ya nafsi kimetolewa nje na kuwekwa sahanini. Mtazamaji anashtuka kwa nukta moja, kisha anacheka, kwa kuwa sasa anamtazama mwigizaji anayejitahidi mno. Hata pale sauti ya paka aliyezikwa ukutani pamoja na maiti inapomfichua muuaji mbele ya polisi, kilele ambacho kwa Poe kinazizimisha damu, hadhira hufarijika tu kwamba hatimaye kimetokea kitu chenye mantiki.

Nani anayecheka, na anacheka nini?

Mwaka wa 1964 Susan Sontag alichapisha insha mashuhuri iliyodai kwamba ubaya unaopendeza kweli ni ule usiokusudiwa: msanii alilenga jambo zito kwa dhati, akashindwa. Dai hilo linamfaa vizuri Ed Wood, ambaye Plan 9 from Outer Space yake, yenye mawe ya makaburi yanayotikisika yanapoguswa, ilitangazwa na ndugu wawili Medved mwaka wa 1980 kuwa filamu mbaya kuliko zote. Wood aliiamini kazi yake. Je, Esper? Alikuwa mfanyabiashara, na hakuna dalili kwamba aliyaamini mafunzo yake mwenyewe. Nadharia ya Sontag ingepaswa kumtenga, ila filamu yake inachekesha vilevile. Huenda dhati haina budi kutafutwa kwingine: kwa waigizaji, ambao walipewa maneno yasiyowezekana wakayatamka kwa nguvu zao zote. Mchuuzi hakuwa na imani. Waliomfanyia kazi walikuwa nayo.

Hadhira nayo ina mchango wake. Tell Your Children ya mwaka wa 1936, iliyotengenezwa kama onyo zito dhidi ya bangi na baadaye kuzungushwa na Esper huyohuyo, ilianza kuonyeshwa katika vyuo vikuu vya Marekani mwaka wa 1972 kwa jina la Reefer Madness. Walioileta walikuwa watetezi wa kuhalalishwa kwa bangi. Vijana waliangua kicheko. Filamu haikubadilishwa, utanzu wake ndio uliobadilika, kutoka tanzia hadi ramsa.

Kicheko hiki kina mpaka wake, nao unaonekana wazi katika filamu nyingine ya Esper, Narcotic, ya mwaka wa 1933. Ili kuitangaza, Esper aliweka maiti iliyokaushwa kwenye lango la kumbi, akidai ni ya mtumiaji wa dawa za kulevya aliyejiua alipozingirwa na polisi. Kwa hakika ilikuwa maiti ya Elmer McCurdy, mwizi wa treni aliyepigwa risasi Oklahoma mwaka wa 1911 na ambaye hakuna jamaa aliyejitokeza kumzika. Maiti hiyo iliendelea kupita mikononi mwa wenye maonyesho hadi mwaka wa 1976, ilipokutwa imening'inizwa katika bustani ya burudani huko Long Beach, California. Watengenezaji wa kipindi cha televisheni waliidhania kuwa sanamu. Mkono ulipokatika, mfupa ukaonekana. McCurdy alizikwa Guthrie, Oklahoma, mwaka wa 1977, na jeneza lake likamiminiwa zege ili asichukuliwe tena.