Dondoo muhimu: Dawa ya kuziba pancha kwenye matairi ya baiskeli yasiyo na tyubu

• Chagua dawa ya lateksi yenye chembechembe ukipita njia za miba. Isiyo na amonia ni salama zaidi kwa rimu za alumini.

• Tikisa chupa vizuri kabla ya kumimina. Chembechembe hutuama chini. Kwa tairi la inchi 29, mililita 90 hadi 120 zinatosha.

• Hifadhi chupa kivulini, kizibo kikiwa kimekazwa. Dawa ikiganda mabonge, itupe.

• Kagua dawa iliyo ndani ya tairi kila baada ya miezi 2 au 3, mapema zaidi wakati wa joto. Fungua kiini cha vali, chovya kijiti. Kikitoka kikavu, ongeza dawa.

• Jaza upepo kwa pampu. Gesi ya kaboni dioksidi huweza kugandisha lateksi.