Laini, Simu na Mtu: Utata wa Maneno katika Habari za Teknolojia

Utangulizi

Mwishoni mwa mwaka wa 2018, takwimu za Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya zilionyesha kwamba laini za simu za mkono zilizokuwa zikitumika nchini zilifikia takriban milioni 49.5, yaani asilimia 106.2 ya idadi ya watu iliyokadiriwa wakati huo. Miezi minane baadaye, Agosti 2019, sensa ya kitaifa ikafanywa. Matokeo yake yalidhihirisha kwamba miongoni mwa watu wa umri wa miaka 3 na zaidi, waliomiliki simu ya mkono walikuwa asilimia 47.3. Msomaji anayeziweka takwimu hizi sambamba huenda akadhani kwamba mojawapo ni ya uongo. La hasha! Zote mbili zaweza kuwa sahihi kwa wakati mmoja. Kilichotofautiana ni nomino iliyohesabiwa.

Makala haya yanachunguza jinsi habari za teknolojia zinavyompotosha msomaji pasi na mwandishi kusema uongo wowote wa dhahiri. Uongo wa makusudi hufichuka upesi, maadamu kuna takwimu za kuukanusha. Upotoshaji unaodumu ni ule unaozaliwa pale neno moja linapobebeshwa dhana mbili, na msomaji akaachwa ajichagulie. Hilo ni suala la semantiki kabla ya kuwa suala la uhandisi, na ndiyo sababu linamhusu mwanafunzi wa Kiswahili hata kama hajawahi kuifungua kompyuta akaona kilichomo ndani.

Kilichohesabiwa ni nini?

Katika Kiswahili cha kila siku, neno "simu" hurejelea chombo kinachoshikwa mkononi, maongezi yenyewe, na pia nambari ya mtu. Mtu husema "nipigie simu", "simu yangu imeanguka" na "niandikie simu yako hapa", na msikilizaji hatatizwi hata kidogo, kwa kuwa muktadha humwelekeza. Habari ya gazetini haina muktadha wa aina hiyo. Mwandishi anapopokea ripoti inayotaja laini milioni 49.5, kisha akaandika kwamba "Wakenya milioni 49.5 wana simu", amefanya mageuzi mawili katika sentensi moja: laini imekuwa simu, na simu imekuwa mtu.

Mageuzi hayo si madogo. Mkenya mmoja anaweza kuwa na laini mbili katika simu moja, moja ya kutumia na kupokea pesa na nyingine ya kununulia vifurushi vya bei nafuu. Mfanyabiashara huwa na laini ya tatu ya duka. Kifaa kinachofungwa garini ili mwenyewe afuatilie linakoenda nacho huwa na laini yake, ilhali hakina ulimi wala sikio. Kwa hivyo asilimia inayozidi 100 si ajabu wala si kosa la hesabu. Ni ishara tosha kwamba kinachohesabiwa si watu, kwani watu hawawezi kuzidi idadi yao wenyewe. Jambo la kushangaza ni kwamba ishara hiyo iliyo wazi huweza kupita mbele ya macho ya mwandishi, mhariri na msomaji, na wote watatu wasiishtukie.

Hata hivyo, itakuwa kosa kuikimbilia takwimu ya sensa kana kwamba ndiyo yenye ukweli wote. Asilimia 47.3 inawajumuisha watoto wa miaka mitatu, ambao hakuna anayetarajia wawe na simu. Aidha, kumiliki si sawa na kutumia: mama anaweza kumiliki simu moja inayotumiwa na watu wanne nyumbani. Mwandishi anayetangaza kwamba "zaidi ya nusu ya Wakenya hawana mawasiliano ya simu" kwa kutegemea takwimu hiyo atakuwa amepotosha vilevile, ila kwa kuelekea upande wa pili.

Utata wa namna hii hukithiri zaidi katika neno "mtandao". Neno hili hutumiwa kwa maana ya kampuni ya simu, mawimbi ya mawasiliano yanayofika mahali fulani, na intaneti kwa jumla. Tungo "mtandao umefika kijijini" inaweza kumaanisha kwamba mnara umejengwa na simu zinapigika, au kwamba wanakijiji wanasoma na kuandikiana katika intaneti. Baina ya maana hizo mbili pana bei ya simu yenye uwezo huo, bei ya vifurushi, umeme wa kuichaji, na ujuzi wa kusoma.

Athari za mkanganyiko huu zilijitokeza waziwazi Machi 2020, shule zilipofungwa nchini kwa sababu ya ugonjwa wa korona, na masomo yakahamishiwa redioni, kwenye runinga na katika intaneti. Aliyekuwa amesoma kwamba uenezi wa simu ulikuwa umezidi asilimia 100 angeamini kwamba kila mtoto angefikiwa akiwa nyumbani. Ilhali sensa ile ile ya 2019 ilikuwa imeonyesha kwamba waliotumia intaneti walikuwa asilimia 22.6 tu ya watu wa umri wa miaka 3 na zaidi. Takwimu zote hizo zilikuwa zimekwisha kuchapishwa kabla ya shule kufungwa. Yule aliyetegemea idadi ya laini alipanga masomo ya watoto ambao hawakuwapo mwisho wa laini hizo.

Vitenzi na tashihisi

Nomino si mkosaji wa pekee. Mnamo tarehe 7 Juni 2014, Chuo Kikuu cha Reading kiliandaa shindano katika jumba la Royal Society jijini London, ambapo programu iitwayo Eugene Goostman iliwasiliana na waamuzi kwa maandishi. Habari zilizoenea duniani zilidai kwamba kompyuta ilikuwa imefaulu jaribio la Turing kwa mara ya kwanza. Baadhi ya taarifa ziliiita kompyuta kuu, ingawa ilikuwa programu tu ya mazungumzo.

Yaliyotendeka yalikuwa madogo zaidi. Kila mazungumzo yalichukua dakika tano. Waamuzi walikuwa 30, na asilimia 33 kati yao, yaani 10, walidhani kwamba wanaongea na binadamu. Zaidi ya hayo, programu ilijifanya mvulana wa miaka 13 kutoka Odessa nchini Ukraine, ambaye Kiingereza si lugha yake ya kwanza. Ilipokosa jibu la maana au ilipokiuka sarufi, mwamuzi alikuwa na sababu ya kuisamehe. Kiwango cha asilimia 30 kilichotumiwa kutangaza ushindi nacho kina kisa chake. Katika makala yake ya mwaka wa 1950, Alan Turing alibashiri kwamba baada ya takriban miaka 50, muulizaji wa kawaida hangekuwa na uwezekano unaozidi asilimia 70 wa kutambua kwa usahihi baada ya dakika tano za maswali. Huo ulikuwa utabiri. Habari za mwaka wa 2014 ziliugeuza ukawa alama ya kupita mtihani.

Hapa ndipo mwanafunzi wa fasihi anapokuwa na silaha ambayo mhandisi huenda hana. Vitenzi kama "kufikiri", "kuelewa", "kujua" na "kudanganya", vinapopewa mashine, ni tashihisi. Katika shairi, tashihisi hupamba, na hakuna msomaji anayedhani kwamba mwezi unatabasamu kwelikweli. Katika habari, pambo lile lile hugeuka dai ambalo halikuthibitishwa. Hata majina yenyewe hayakusalimika. Kiswahili kina "akili bandia", "akili unde" na "akili mnemba" kwa dhana moja: la kwanza linaashiria kitu kisicho halisi, la pili kitu kilichoundwa, na la tatu linakopa dhana ya uigaji. Yote matatu yanaanza kwa kukubali kwamba pana akili. Pengine wanaistilahi wangefanya mjadala mrefu zaidi kabla ya kulikubali hilo.

Hadi, zindua na maneno mengine madogo

Kihusishi "hadi" kinapotumiwa kwa mahali huashiria kufika: aliyetembea hadi Thika amefika Thika. Katika matangazo ya intaneti, "kasi ya hadi megabiti 20 kwa sekunde" huashiria kikomo tu, na mteja anaweza asikifikie hata siku moja. Isitoshe, megabiti si megabaiti. Baiti moja ni biti nane, kwa hivyo megabiti 20 ni megabaiti 2.5. Faili ya megabaiti 700 itachukua sekunde 280 kwa kasi hiyo kamili, wala si sekunde 35 kama atakavyodhani asiyetofautisha silabi hizo. Silabi moja imezidisha subira yake mara nane.

Kitenzi "zindua" nacho hutumiwa kwa mpango unaosomwa jukwaani, kwa jiwe la msingi linalowekwa, na kwa kitu kilichokamilika kinachoanza kazi. Rais Mwai Kibaki alipozindua ujenzi wa jiji la teknolojia la Konza Januari 2013, kilichokuwapo kilikuwa uwanda na ramani. Msomaji aliyesoma kwamba "jiji limezinduliwa" alikuwa na kila haki ya kwenda kulitafuta.

Zoezi la mhariri

Utetezi unaosikika mara nyingi ni kwamba usahihi huhitaji nafasi, na kichwa cha habari hakina nafasi. Utetezi huu haustahimili majaribio. Badala ya "Wakenya wote sasa wana simu", mhariri anaweza kuandika "Laini za simu zazidi idadi ya Wakenya". Ameongeza maneno mawili tu, na habari imekuwa ya kweli, tena ya kuvutia zaidi, kwa sababu msomaji atataka kujua imekuwaje. Badala ya "Kompyuta yafikiri kama binadamu", panatosha "Programu yawahadaa waamuzi 10 kati ya 30". Ni kweli kwamba hata hapo "kuhadaa" kumebaki na chembe ya tashihisi. Darasa linaweza kuanzia hapo: kutafuta kitenzi cha Kiswahili kinachoeleza kilichofanywa na programu bila kuipa nia.