Kelvin Kwanza, Hesabu Nyuma

Ndugu wanafunzi, katika hesabu za gazi alama nyingi zinapotea juu ya kitu kimoja: digri. Kanuni tunaijua wote:

P1 × V1 / T1 = P2 × V2 / T2

P ni presio, V ni volumu, T ni joto. Lakini T haipokei digri za Celsius; inapokea Kelvin tu. Ongeza 273.

Tutazame mupira wa lori. Asubui uko na 17°C, manometre inaonyesha atmosfere 7. Chombo hicho hakihesabu presio ya hewa ya inje, basi tuongeze 1: P1 = 8. Muchana, mupira unafika 46°C. Volumu haibadiliki sana, tunaiacha.

T1 = 17 + 273 = 290
T2 = 46 + 273 = 319
P2 = 8 × 319 / 290 = 8,8

Manometre itaonyesha 7,8.

Mwenye kutumia 17 na 46 atapata 21,6. Mupira gani utavumilia hiyo? Ukiona jibu la namna ile katika mtihani wa Serikali, rudia digri zako mbele ya kutoa karatasi.

Na ndiyo sababu kopo ya dawa ya kupuliza mbu, hata ikiisha, haitupwi motoni: gazi iliyobaki ndani inapata joto, haina pa kwenda, kopo inapasuka.

Aliye na swali anikute saa ya kujifunza, mangaribi.