Chumba Kilikuwepo: Somo la Kupanga Stoo ya Nyumbani



Ndugu zangu wanafunzi, katika kurasa hizi tumezoea kusoma masomo ya ibada, ya ndoa na ya mitihani. Leo naomba tuzungumze juu ya stoo. Najua wengine watacheka. Lakini wengi wetu tukirudi likizo tunakuta nyumba zimejaa hata pa kukaa hapapatikani, kisha tunalaumu udogo wa nyumba. Mimi nililaumu hivyo hivyo mpaka likizo iliyopita.

Dada yangu mkubwa alikuwa na mimba ya kwanza. Kama ilivyo desturi yetu, alitaka kuja kujifungulia kwa mama na kumaliza arobaini yake hapa nyumbani. Nyumba yetu iko Buyenzi, Bujumbura, na ina vyumba vitatu. Kimoja ni cha mama, cha pili tunalala mimi na wadogo zangu wawili, na cha tatu ndicho stoo. Dada alipopiga simu kuomba, mama hakumjibu siku hiyo wala ya pili. Siku ya tatu aliniita jikoni akaniambia, "Mwanangu, mpigie dadako umwambie abaki kwa mumewe. Hapa hapana nafasi." Aliyasema hayo akichambua mchele, bila kuniangalia.

Sikupiga simu. Nilikwenda kusukuma mlango wa stoo. Ulifunguka nusu tu, kwa kuwa nyuma yake lilisimama godoro bovu. Nikaingia kwa ubavu. Dirisha lilikuwa limezibwa na maboksi, na hewa ilinuka mkaa na panya. Nikahesabu kwa hatua: nne kwa tatu. Chumba hicho kilikuwa kikubwa kuliko tunacholala watu watatu.

Kosa langu la kwanza

Kesho yake mama alipokwenda soko la Ruvumera, nilianza kazi kwa nguvu za ujana. Nilitoa madumu, kopo za maziwa, chupa, matambara na sufuria lililotoboka, nikavirundika nje ya lango ili mwenye mkokoteni avichukue. Nilidhani mama atafurahi. Aliporudi alisimama langoni kimya, akaweka kikapu chini, akaanza kurudisha ndani kimoja kimoja. Nilipomsaidia alinizuia.

Usiku alinieleza jambo ambalo nilikuwa nikilijua nusu. Mwaka 1995 alitoka nyumba hii hii akikimbia na kanga aliyovaa na birika moja. Sisi watoto tulizaliwa ukimbizini Tanzania, na tukarudi mwaka 2012 kambi ya Mtabila ilipofungwa. "Miaka ile," alisema, "mwenye dumu zima ndiye aliyekuwa na maji. Wewe unaona takataka. Mimi naona siku ambayo sitakuwa na kitu."

Hapo nilijifunza somo la kwanza, na naliweka mbele ya mengine yote: usitupe kitu cha mtu mwingine nyuma ya mgongo wake, hata akiwa mama yako, hata kikiwa kimetoboka. Anza na vyako. Kesho yake nilitoa maboksi mawili ya madaftari yangu ya sekondari, nikaketi uani nikayapitia moja moja mbele yake. Nilibakiza vyeti na daftari moja. Mama alinitazama, kisha akavuta kigoda akakaa karibu.

Maneno matano

Sisi wa uhandisi tumefundishwa utaratibu wa Kijapani wa kupanga mahali pa kazi. Ulikulia viwandani, nao una hatua tano: seiri, seiton, seiso, seiketsu na shitsuke. Hospitali za Tanzania nazo zimeufuata, na huko hatua hizo zimepewa majina ya Kiswahili yanayoanza na herufi ile ile: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Nilikuwa nimeyakariri kwa ajili ya mtihani. Sasa nilimweleza mama, tukakubaliana kuyajaribu kwa siku tisa, kila siku baada ya sala ya Alfajiri kabla jua halijawa kali.

*Sasambua* ni kutenganisha kinachohitajika na kisichohitajika. Usipange kwa pembe, panga kwa aina. Ukimaliza pembe moja leo na nyingine kesho, hutajua kamwe una vitu vingapi. Sisi tulitoa madumu yote ya nyumba siku moja na kuyapanga uani. Yalikuwa ishirini na matatu. Mama mwenyewe alishangaa. Tulipoyajaza maji, tisa yalivuja. Hatukuhitaji kubishana tena, maji yalikuwa yameamua. Siku ya nguo tulifanya hivyo hivyo, na siku ya vyombo pia.

Na kile ambacho moyo unasita? Viwandani huwekewa kadi nyekundu yenye tarehe, kikatengwa mahali pake. Muda uliowekwa ukipita bila mtu kukihitaji, ndipo hutolewa. Tulikata vipande vya kitambaa chekundu, tukafunga kwenye kila kitu cha shaka, na muda wetu ukawa mpaka Idi. Kadi hii ndiyo iliyomtuliza mama kuliko maneno yangu yote, kwa kuwa haikumlazimisha kuachana na kitu siku hiyo hiyo.

*Seti* ni kukipa kila kilichobaki mahali pake. Kanuni zake ni nyepesi. Kinachotumika kila siku kikae kati ya kiuno na macho. Kizito kikae chini, chepesi juu. Cha mwaka mara moja, kama sufuria kubwa za harusi na mikeka ya wageni, kikae juu kabisa au nyuma kabisa. Na kisiwepo kitu kinacholala sakafuni moja kwa moja. Tuliweka matofali na mbao juu yake, tukaacha nafasi ya kupitisha ufagio chini na nafasi ya vidole kati ya mzigo na ukuta. Unyevu haupandi magunia, na panya hapati pa kujificha.

Mkaa tuliuhamishia barazani, mbali na unga. Maharage tuliyaanika mpaka yakakauka vizuri, tukayatia katika yale madumu mazima yaliyokuwa ya mafuta ya kula, baada ya kuyaosha na kuyakausha kabisa. Dumu likijazwa mpaka juu na mfuniko ukabana, wadudu waliomo hukosa hewa wakafa. Angalizo: dumu lililowahi kubeba petroli au dawa ya shamba lisiguse chakula hata likioshwa mara saba. Na katika vyakula, kilichotangulia kuingia kitangulie kutoka. Mchele mpya uwekwe nyuma, wa zamani mbele.

*Safisha* inaeleweka. Nitaongeza moja tu: kusafisha ndiko kukagua. Tulipofagia nyuma ya maboksi tuliona tundu la panya na bati linalovuja. Tungeendelea kulundika, tusingeyaona mpaka masika yatukute.

*Sanifisha* ni kuweka kanuni inayoeleweka na wote, hata mgeni. Tuliandika kwa kalamu ya wino mzito juu ya kila boksi na dumu kilichomo na tarehe. Mdogo wangu wa darasa la tatu ndiye aliyeandika, na tangu siku hiyo haulizi tena chumvi iko wapi.

*Shikilia* ni kudumu, nako ndiko kugumu. Tulijiwekea masharti mawili: kikiingia kimoja cha aina fulani, kimoja cha aina hiyo kitoke, na kila mwezi unapoandama, robo saa ya kuipitia stoo.

Neno moja kwa wanaotaka kuanza kwa kununua maboksi ya plastiki dukani. Msinunue kitu kabla ya kumaliza kusasambua. Boksi zuri hupendezesha kisichohitajika, nacho kikapata kukaa miaka kumi mingine.

Vitu visivyo vyetu

Siku ya sita tulifika ukutani, na hapo tukakuta jambo ambalo utaratibu wa viwandani hauligusi. Karibu robo ya mzigo haikuwa mali yetu.

Kwanza, sanduku la bati lenye kufuli. Jirani mmoja aliliacha mwaka 2015 alipoondoka na familia yake, akasema atarudi baada ya wiki. Mama alikuwa akilifuta vumbi kila Ramadhani na hakuwahi kulifungua. Nilipouliza kwa nini asilifungue tupunguze, alinitazama kama mtoto mdogo. Na alikuwa na haki. Amana haichakai kwa kukaa muda mrefu, na kukosa nafasi hakumhalalishii mtu kuigusa. Lakini amana hurudishwa kwa mwenyewe, na sisi hatukuwa tumemtafuta. Tuliulizia kwa watu, siku ya pili tukapata namba yake. Alilia kwenye simu. Aliomba tutoe hati na picha za watoto tumpelekee kupitia msafiri anayemwamini, na nguo tuwape wahitaji. Tulilifungua mbele ya majirani wawili tukaandika kilichomo.

Pili, vitu vya kuazima: nyundo ya fundi wa mtaa, sinia mbili za msikitini, vitabu vinne vya wenzangu wa chuo. Hivyo vinne ni vyangu kuvijibu. Kimoja nilikiazima mwaka wa kwanza, na mwenyewe alishanunua kingine akidhani amekipoteza. Nilipompelekea niliona aibu iliyonifaa.

Tatu, boksi la marehemu baba: viatu, kanzu, redio ya kaseti na zana zake za useremala. Nilikuwa nimekwisha kumchagulia mtu wa kumpa zile zana. Mama akanikumbusha kwamba alichoacha maiti ni mirathi, na kila mrithi ana fungu lake, hata likiwa patasi moja. Hatukuwa tumeligawa tangu alipofariki, kwa uchungu tu. Jioni ile tulimpigia dada, tukakaa wote, tukamwomba imamu wa mtaa atuelekeze. Lilichukua saa moja. Zana zilibaki kwangu na kwa mdogo wangu, na dada aliomba ile redio.

Hapo ndipo nilipoelewa kilichokuwa kimejaa katika stoo yetu. Yalikuwemo madumu mabovu, ni kweli, lakini zaidi yalikuwemo mambo ambayo hatukuyamaliza: simu ambayo haikupigwa, deni la kitabu, mirathi iliyoogopwa. Kila lisilomalizwa lilikuwa limekaa sakafuni likichukua nafasi ya mtu.

Tulichopata

Siku ya tisa tulitoa godoro bovu, na mlango ukagonga ukuta. Vyuma vilikwenda kwa mafundi wa gereji za hapa Buyenzi, nguo zikapata watu, na vilivyobaki vikaenea ukuta mmoja, kutoka matofali mpaka darini. Dirisha lilifunguka. Tuliweka kitanda cha futi nne, na mbele yake pakabaki pa kutandika mswala na kusujudu bila kichwa kugusa kitu. Nyumba haikuongezeka hata tofali moja.

Mama alipiga simu mwenyewe. "Njoo," alimwambia dada. "Chumba kipo."

Mpwa wangu alizaliwa wiki tano baadaye, alhamdulillah, na siku zote arobaini amelala katika chumba kile. Idi ilipofika tulipitia vitambaa vyekundu. Mama aliruhusu vitu kumi na saba vitoke na akarudisha vinne, likiwemo sufuria lililotoboka, ambalo sasa limepandwa mchaichai uani.

Kitu kimoja hakikuingia katika hesabu. Nyuma ya mlango wa chumba chake mama ana mfuko ulio tayari daima: nguo, hati zetu, sabuni, na lile birika. Niliutengea nafasi nzuri kwenye rafu, nikaandika na jina. Hakuuhamisha. Nami sikuuliza tena.

Zoezi

Kabla hujarudi nyumbani kupanga stoo ya mama, anza na chini ya kitanda chako bwenini. Toa vyote. Tenga mafungu manne: changu ninachokitumia, changu nisichokitumia, kisicho changu, na nisichokijua. Fungu la tatu lirudi kwa wenyewe kabla ya Ijumaa. La pili mpe anayelihitaji sasa, kabla halijaoza, maana kutoa kilichokwisha kuoza ni kumhamishia mwenzako uchafu. La nne lifunge kitambaa chekundu na tarehe. Kisha lifagie hilo la kwanza mahali pake, ukae hapo, usome.

Wabillahi tawfiq.