Ushahidi wa Asili katika Somo la Historia

Ushahidi wa asili ni kitu chochote kilichoachwa na watu waliokuwapo tukio lilipotokea: barua, stakabadhi ya kodi, picha, kaburi, chombo, au maneno ya shahidi. Kitabu cha darasani ni maelezo ya mtu aliyeuchambua ushahidi huo baadaye.

Tuchukue mfano wa Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907. Gavana von Götzen, aliyetawala wakati huo, alichapisha kitabu chake mwaka 1909. Je, huo ni ushahidi wa asili? Jibu hutegemea swali. Tukiuliza serikali ya Kijerumani iliionaje vita hiyo, tumempata shahidi mkuu. Tukiuliza kwa nini wakulima waling'oa pamba, huyu ni mtu ambaye hakulimishwa pamba hata siku moja. Sauti za upande wa pili zilikusanywa mwaka 1968, wanafunzi wa historia wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam walipokwenda vijijini kuandika masimulizi ya wazee. Masimulizi hayo nayo yapimwe, kwani miaka sitini ilikwisha kupita. Hata hivyo, wazee wale hawapo tena; yasingaliandikwa, yangalizikwa pamoja nao.

Nyaraka za serikali, zikiwamo za Wajerumani, zimehifadhiwa katika Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Mwalimu aliye mbali na aanze karibu: kitabu cha matukio ya shule, majalada ya kijiji, na wazee.

Hatua za somo, Darasa la Sita:

1. Chagua tukio ambalo wapo wanaolikumbuka, kwa mfano kuhamia vijijini, 1973 hadi 1976.

2. Wanafunzi watunge maswali matatu, kisha wawaulize wazee wawili, kila mmoja peke yake na kwa ridhaa yake.

3. Waandike maneno kama yalivyosemwa, pamoja na umri wa msimulizi, mahali na tarehe.

4. Walinganishe masimulizi hayo na karatasi ya wakati ule. Yanapopingana, mwalimu asiharakishe kusema nani kadanganya. Aulize kila shahidi alisimama wapi, aliona nini, na alikuwa na sababu gani ya kunyamazia jambo.

Mwanachuo akumbuke kwamba kijana aliyehama akiwa na miaka ishirini mwaka 1974 sasa amevuka sabini. Jalada litamngoja mtafiti, mzee hatamngoja.

Zoezi: Kabla ya mazoezi ya kufundisha, orodhesha vitu vitano vya ushahidi wa asili katika kijiji utakachopangiwa. Kwa kila kimoja, eleza ni swali gani kinaweza kulijibu, na ni lipi hakiwezi.